Mizani na Nazi za Bara

Wifi yangu tunamwita Mizani. Jina lake la kweli lipo, limo kwenye kitambulisho, lakini hata marehemu mama mkwe alikuwa akiita "Mizani, njoo ule," naye akija bila kinyongo. Alipewa jina hilo na mume wangu, ambaye ni kaka yake, siku alipomkuta jikoni anapima chumvi ya mboga kwa kijiko cha dawa ya mtoto. Kwa wifi yangu "kiasi" si kipimo. Mwambie atie maji kiasi, atakuuliza kiasi gani. Ukimkasirikia, atangoja hasira zako zipoe, kisha atakuuliza tena.

Mimi ni fundi cherehani. Nawapima watu kwa futi ya kitambaa, na nikiona kiuno kimezidi nusu inchi najua ni chakula cha mchana, naendelea na kazi. Kwa hiyo tulipojikuta chini ya paa moja, mimi nimeolewa pale na yeye amerudi kwao baada ya ndoa yake kuvunjika, tuligombana kwa mambo ya unga, sukari na muda wa kuivisha maharage. Siku hizi nampenda. Najua akiyasoma haya ataniuliza kiasi gani.

Anafanya kazi katika maabara ya vyakula, jengo dogo nyuma ya ofisi za kilimo, lenye korido inayonuka spiriti na kitu kama mkate uliokaushwa. Unga, maziwa, samaki wa kopo, kila kinacholiwa hupitishwa pale kiulizwe kina nini ndani. Yeye si mkuu wa pale. Ni fundi wa maabara: ndiye anayekata, anayekausha, anayechemsha na kupima, na wakubwa hutia sahihi chini ya alichokipata.

Siku moja nilimpelekea koti jeupe nililomshonea, akaniingiza chumba cha mizani. Nilikuwa na maneno yangu tayari ya kumtania. Mizani yenyewe imewekwa juu ya bamba la jiwe, ndani ya kisanduku cha kioo, na kabla ya kupima alizima feni, akafunga mlango, akaniambia nisipumue upande ule. Akaweka kipande cha karatasi. Tarakimu zikahangaika, zikatulia. Akaitoa ile karatasi, akanipa penseli, akaniambia niandike neno lolote. Nikaandika "mama". Akairudisha kwenye kisanduku, akafunga kijimlango, na tarakimu ya mwisho ikapanda. Neno nililoandika lilikuwa na uzito. Yale maneno ya kumtania nilirudi nayo nyumbani.

Mwaka huohuo maabara ikaletewa nazi. Zilikuja kwa makreti kutoka sehemu tatu: za ufukweni, ambako minazi inasimama kwenye mchanga, za visiwani, ambako udongo ni kiduchu juu ya mwamba, na za bondeni, kando ya mto mkubwa. Kazi ilikuwa kulinganisha nyama ya nazi ya kila sehemu, kujua ina maji kiasi gani, mafuta, protini, nyuzi, sukari, na madini yapi. Mizani alifurahi mno. Kila jioni alikuja na habari za nazi, na sisi mezani hatukuwa na pa kukimbilia.

Lakini ilikuwa ajabu kumsikiliza. Alisema nyama ya nazi huchomwa kwenye tanuri mpaka ibaki jivu jeupe linaloenea kwenye ukucha, na jivu hilo ndilo udongo uliopanda mti. Fikiria, alisema, mwamba wa kisiwa umeyeyuka kwa mvua, umenyonywa na mizizi, umepanda shina lote lile hadi juu, ukaingia kwenye kitu cheupe ambacho sisi tunakikuna. Alisema nazi za ufukweni zina chumvichumvi za bahari ndani kabisa ya nyama, ingawa ukiionja huisikii. Mafuta nayo alikuwa akiyatoa kwa dawa inayonuka kama petroli, inayodondoka juu ya nazi iliyokaushwa, inatiririka, inarudi tena juu, kutwa nzima, mpaka chini ya chupa yabaki mafuta maangavu kama maji ya kisima. Mimi nimekamua tui tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza linatoka wapi. Nilidhani linatoka sokoni.

Sasa nikueleze kwa nini baba mkwe alisikiliza habari hizo kuliko sisi sote.

Sisi tunakaa bara, mbali sana na bahari, juu huku ambako asubuhi watu huvaa masweta. Baba mkwe alizaliwa pwani. Alikuwa fundi wa pampu za maji, akahamishiwa huku akiwa kijana, na katika mizigo yake alileta miche ya minazi imefungwa kwenye magunia mabichi. Watu walimcheka. Walimwambia mnazi ni mti wa bahari, huku utakuwa pambo tu. Miche mingine ilikufa, mitatu ikashika nyuma ya nyumba, na ilikaa miaka chungu nzima ikinyoosha majani bila kuzaa hata kidaka. Ilipozaa, ilizaa nazi ndogo ambazo ukizishika zinaingia kwenye kiganja. Baba mkwe alipeleka kadhaa kwao pwani kwa fahari. Ndugu zake walizigeuzageuza, wakasema hizo ni nazi kwa jina tu, zina maji na ganda basi. Hakuzitupa. Alirudi nazo zote, akazila mwenyewe.

Mume wangu alitaka kuikata minazi ile. Watoto wetu wamekua, wavulana na wasichana wanalala chumba kimoja, na mahali pekee pa kujenga ni pale nyuma. Hakuwa mwana mbaya. Alikuwa baba mwenye vyumba vichache. Lakini kila alipogusia, chakula kilikuwa kinachacha mezani. Hatimaye baba mkwe, aliyekuwa amechoka kubishana, alisema mbele yetu sote, "Mizani azipime. Kama ni nazi, mtajenga kwenda juu. Kama si nazi, kateni, na mimi sitafungua mdomo. Lakini msikate kwa maneno ya watu."

Hakuwa anatania. Mtu huyu ameishi kwa kusoma mishale ya vipimo vya pampu, na mshale ukisema hakuna maji hagombani nao. Niliona mkono wake umeshika ukingo wa meza, na nikajua kwamba si minazi tu inayopelekwa maabara. Ni maisha yake yote ya huku juu, tangu siku ile aliyofika na magunia mabichi.

Mkuu wa maabara alikubali kwa udadisi, akasema nazi za bara ziwe sehemu ya nne. Mizani alizibeba kwenye begi langu la vitambaa. Siku chache baadaye alirudi kutoka kazini mapema kuliko kawaida, akaketi mbele ya baba yake bila kuvua viatu, akamwambia bila kuzungukazunguka. Mafuta yalikuwa machache. Machache mno, karibu nusu ya nazi za ufukweni. Maji mengi.

Nilimkodolea macho ya kumwambia apambe maneno kidogo. Hakupamba, maana hajui kupamba.

Baba mkwe alisema, "Sawa." Akavaa kofia, akatoka. Tulidhani amekwenda kupunga upepo. Kumbe alikwenda mwenyewe kwa mkata miti, akapanga naye aje Jumamosi.

Kesho yake alasiri tulikuwa jikoni mimi na wifi. Mimi nilikuwa nimemnunia. Ndiyo, nilijua hakuwa na kosa, lakini kununa hakuhitaji kosa. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi ya sokoni, iliyoletwa kwa lori kutoka pwani, na mimi nachambua mchele. Mara sauti ya kukuna ikakatika. Nilipoinua macho, alikuwa amekishika kifuu mbele ya uso wake, anakitazama ndani.

"Wifi," aliniuliza, "kwa nini nimeishia hapa?"

Nikamwambia ni kwa sababu alilelewa vizuri. Sote tumefundishwa hivyo. Mtu anayekuna mpaka kwenye ngozi ya kahawia analitia tui weusi, na mama mkwe angemchapa mwiko. Ndani ya kifuu kulibaki utando mweupe, kama unavyobaki kwenye kila kifuu cha kila jiko la mtu nadhifu, na mkono wake ulikuwa umesimama wenyewe kabla ya kuufikia.

Alikuwa amepauka. Akaniambia kwamba kule maabara nazi za sehemu zile tatu zilibanduliwa kwa kisu, zikamenywa ngozi, zikasagwa nyama yote kwa mashine. Nazi za baba zilikataa kubanduka. Nyama yake ni nyembamba na imeng'ang'ania kifuu, kisu kinateleza. Basi akaenda na mbuzi yake kutoka nyumbani, akaketi, akakuna. Na nyama inayogusana na kifuu ndiyo ya kwanza kuumbika, ndiyo iliyokomaa, ndiyo yenye mafuta mengi. Ile ya ndani ni changa, ina maji. Kwenye nazi nene ya ufukweni ukiacha utando huo umeacha kidogo. Kwenye nazi ya baba, utando huo ulikuwa karibu nusu ya nyama yote.

"Sikupima," alisema. "Nilipika."

Nikasimama. Nikamwambia avae viatu, twende kumzuia mkata miti, twende maabara, twende popote. Yeye hakuinuka. Alibaki ameketi juu ya mbuzi na kifuu mkononi.

"Jibu limeniuma, ndiyo maana nimeliona kosa," alisema. "Lingenifurahisha, ningeliona?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba huu si wakati wa kujihoji, kwamba yule mzee anakatwa akiwa hai na yeye ndiye aliyeshika msumeno. Maneno mabaya, nayajua. Akayapokea. Kisha akanieleza taratibu kwamba akirudia yeye mwenyewe, na jibu likawa zuri, halitakuwa na thamani hata ya kifuu. Mkuu atasema mtoto amempikia baba yake. Na baba mwenyewe ndiye atakayekuwa wa kwanza kusema hivyo.

Akaenda kumweleza baba yake, yuko uani anafagia chini ya minazi kama mtu anayeandaa nyumba ya wageni. Mimi nilisimama mlangoni. Alimwambia alikosea, na akamwambia alikosea vipi.

"Sitaki unihurumie," baba mkwe alisema.

"Sitazigusa, Baba. Atapima mwenzangu, hataambiwa zimetoka wapi. Na kama ni maji na ganda, nitakuja kukuambia tena."

Mzee akafagia kidogo. Akasema nazi ziko ghalani, achukue. Nilipomwambia basi tumsogeze mbele mkata miti, alikataa katakata. Alikuwa ameshatoa neno lake, na neno lake halina breki. Jibu likitangulia, limetangulia. Msumeno ukitangulia, vivyo hivyo.

Wifi yangu alisimama mbele ya mkuu wake na wenzake wote, akasema kosa lake kwa sauti ambayo hata wafagiaji waliisikia. Yeye ambaye hakuna aliyewahi kumkuta na kosa. Wakakata shauri wazirudie nazi za sehemu zote nne, kwa njia moja: kupasua, kuchimba nyama mpaka mwisho, kuimenya ngozi, kusaga. Mkuu alizipa namba za siri. Mwenzake wa chumba cha pili ndiye aliyepima, na siku zote hizo Mizani aliosha vyombo vya kioo kwenye sinki la koridoni, asiingie hata kuazima kalamu. Nyumbani hakupima chumvi. Alitia tu, na mboga zikatushinda.

Jumamosi ikafika kabla ya jibu. Mkata miti alikuja na msumeno wa mota, kamba na shoka. Mume wangu alikuwa anampokea bila furaha, anakuna shingo. Nimekaa naye muda wa kutosha kujua anapokuna shingo hivyo hataki jambo analolifanya. Baba mkwe alikuwa ndani, mlango umefungwa. Mkata miti akafunga kamba kwenye mnazi wa kwanza, akaivuta kuijaribu.

Nikafanya nilichoweza. Nilichukua futi, nikamwendea, nikamwambia suruali yake imechakaa na mimi leo nina ofa. Nilimpima kiuno. Nilimpima paja. Nikasema nimesahau kiuno, nikapima tena. Nikampima mikono, akaniuliza suruali inahusu nini na mikono, nikamwambia huu ni mtindo mpya. Mume wangu alinitazama, akaelewa, na badala ya kunikemea akasema na yeye apimwe, ili tulinganishe.

Nilikuwa nimeshafika shingoni ndipo Mizani akaingia getini, anahema, bahasha chini ya kwapa. Hakuniangalia mimi wala kamba. Alienda moja kwa moja kugonga mlango wa baba yake, na sote tukamfuata sebuleni, mkata miti akiwemo.

Alianza na mabaya. Nyama ya nazi za hapa ni nyembamba, alisema, kwa hiyo nazi moja inatoa kidogo, na hilo hakuna kipimo kitakachoshinda. Chumvi za bahari karibu hakuna. Mafuta, katika uzito uleule wa nyama, ni pungufu kidogo kuliko ya ufukweni, yamezidi kidogo yale ya bondeni, na ya visiwani yanalingana nayo. Aliyasema yote kwa sauti ya kazini. Baba mkwe aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza injini.

Kisha alitoa karatasi nne. Akasema kuna mashine inayoyachambua mafuta yenyewe, inatenga kila aina iliyomo, na kila aina inachora kilima chake, kirefu kama ni nyingi, kifupi kama ni chache. Akazibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha, moja kando ya nyingine, mwanga wa asubuhi ukizipenya. Namba zilikuwa nyuma. Mbele kulikuwa na mstari tu: kilima kidogo, kingine kidogo, halafu kimoja kirefu ajabu, ambacho alisema ndicho fungu linalofanya mafuta ya nazi yagande asubuhi za baridi, halafu vingine vinashukashuka mpaka chini.

"Moja ni ya hapa uani," alisema. "Itafuteni."

Mume wangu hakusita. Alionyesha ya pili, akasema ile pale, kilima chake kimelegea. Mizani akaigeuza pembe, akachungulia. Ilikuwa ya ufukweni. Mkata miti akajaribu, akakosa. Nikajaribu mimi, ambaye jicho langu linaona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara. Nilisogea mpaka pua ikagusa kioo. Mizani akaziondoa mbili, akazilaza moja juu ya nyingine, akazirudisha dirishani, na mistari ikafuatana, kilima juu ya kilima, bonde ndani ya bonde. Akaongeza ya tatu, kisha ya nne. Nywele zilinisimama mikononi. Mchanga, mwamba, tope la mto, na udongo wetu mwekundu wenye baridi, kila mmoja kivyake, na miti yote imetoa kitu kilekile, bila mwalimu, bila kuonana.

Zikarudishwa kando kwa kando. Baba mkwe akavaa miwani, akasogea. Huyu ni mzee anayeapa kwamba anaweza kuitambua nazi yake gizani kwa kuigonga tu. Alianza na karatasi ya kwanza, akaufuata mstari kwa kidole, akapanda, akashuka. Akaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Akarudi mwanzo. Hakuna aliyemharakisha. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa, akapitia upya zote nne.

"Sijui ipi ni yangu," alisema.

Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyafuta. Mizani akasogea dirishani, akashika pembe ya karatasi ili amwonyeshe namba iliyo nyuma.

"Usigeuze," baba yake akamwambia.

Akavuta kiti, akaketi akizitazama zote nne, na mume wangu akatoka nje kufungua kamba.